Juu ya Kushukuru kwa Kiingereza

Jambo ninalotaka kulinena ni dogo kwa kulitazama, walakini mimi limekwisha kunigharimu miezi 5 ya kuingoja fedha yangu mwenyewe, na sasa nachelea litakigharimu chama chetu kizima. Jambo lenyewe ni namna tunavyoshukuru kwa Kiingereza.

Wanachama waliohudhuria mkutano uliopita watakumbuka kwamba halmashauri ilitusomea barua itakayopelekwa kwa wakubwa juu ya wenzetu 9 waliohamishwa vituo, ambao hata leo hawajalipwa gharama za mizigo yao. Barua imeandikwa kwa Kiingereza kwa kuwa wasimamizi wa mfuko huo wako ng'ambo, na hawasomi Kiswahili. Ilipokwisha kusomwa tulipiga makofi. Mimi nami nilipiga, maana Kiingereza chake kilikuwa kizuri na taipu yake safi. Lakini nilipopewa nakala niiweke katika jalada, nikaketi nikahesabu. Barua ina mistari 31. Shukrani zimo mara 7. Madai yetu yamo mara 1 tu, katika mstari wa 22, ndani ya sentensi iliyoanza kwa shukrani na kumalizika kwa shukrani. Majina ya wenzetu 9 hayamo kabisa; yamewekwa katika karatasi ya nyuma, ambayo kila karani ajua jinsi inavyoweza kubanduka njiani.

Simlaumu aliyeiandika. Ni rafiki yangu, na alifundishwa kama nilivyofundishwa mimi, na lau ningaliandika mimi miaka 7 iliyopita, labda shukrani zingalikuwa 10.

Sisi tuliosoma katika shule za misheni tulipata "Thank you" siku ile ile tuliyopata "Good morning". Tulisimama, tukaitikia kwa pamoja kama kasuku, tukaketi. Baadaye, tulipofika madarasa ya juu, tulipewa mifano ya barua, na humo ndimo tulimokutana na maneno makubwa: "I am deeply indebted", "I beg to express my heartfelt gratitude", "Thanking you in anticipation". Mifano ile ilikuwa imechakaa hata wakati ule. Vitabu vingine havikuwa na majalada, vilishonwa kwa uzi wa gunia. Basi tukatoka shuleni tuna ngazi yenye kidato cha chini kabisa na kidato cha juu kabisa, na katikati hamna kitu. Mtu akitupa penseli twasema "Thank you". Akitupa zaidi ya penseli, twaruka mpaka juu ya paa.

Yafaa tuyatazame maneno yenyewe kwanza. "Asante" yetu imetoka katika Kiarabu, na maana yake ya asili ni "umefanya vizuri". Yaani mwenye kushukuru haitaji nafsi yake, humsifu aliyetenda. Ndugu zetu wa bara wana njia yao iliyo karibu na hiyo. Mhaya husema "wakola", umetenda. Mganda ampitapo mtu aliye kazini humwambia "webale emirimu", akimshukuru kwa kazi ambayo huenda hata haimhusu yeye mpita njia. "Thank" ya Waingereza ni ndugu wa "think", kufikiri. Zamani ilikuwa kama kusema, Nitakufikiria kwa wema huu. Hayo yote ni maneno ya watu waliosimama sawa. Lakini "obliged" ni neno la namna nyingine. Asili yake ni Kilatini, na maana yake ni kufungwa, kama mzigo ufungwavyo kwa kamba. Wareno hulitumia kila siku, na wenzetu waliofika Msumbiji wamelisikia: "obrigado". Asemaye "I am much obliged to you" husema, Umenifunga, nina deni lako. Basi fikirini karani anayedai fedha yake ya halali, naye aandika kwamba yeye ndiye mwenye deni!

Imesemwa mara nyingi na wageni kwamba sisi Waafrika hatuna shukrani, kwa kuwa tukipewa kitu twakipokea kwa mikono miwili na kunyamaza. Nadhani wengi wetu tulilimeza neno hili wala halijatutoka tumboni, na ndiyo sababu twashukuru kwa Kiingereza kama mtu anayejitetea barazani. Mwaka 2018 wataalamu waliofanya kazi pamoja na Simeon Floyd walitoa habari za uchunguzi wao katika lugha 8 za mabara mbalimbali. Kiingereza kimo, na Kisiwu cha Ghana kimo. Walitazama jinsi watu wa nyumba moja na marafiki wanavyosaidiana katika mambo madogo, nipe kile, nishikie hiki, wakahesabu ni mara ngapi aliyesaidiwa alitamka neno la shukrani. Kwa jumla ilikuwa kama mara 1 katika 20. Wasemao Kiingereza waliwazidi wengine, walakini hata wao ilikuwa kama mara 1 katika 7 tu. Mara zilizobaki kazi ilitendeka, watu wakaendelea na shughuli zao. Basi huyo mgeni aliyetushangaa kwa kunyamaza, angalirudi akasikiliza jikoni kwao.

Mahali ambapo "Thank you" za Waingereza humwagika ni nje, kwa watu wasiojuana. Na hiyo ya nje ni nyepesi mno, kama senti ambayo hutolewa na kupokewa bila kutazamwa. Anayekufungulia mlango huambiwa. Anayekuuzia tikiti huambiwa, naye hukurudishia neno lilo hilo, mpaka huwezi kujua ni nani aliyemfaa mwenziwe. Katika miji mingi ya Uingereza abiria ashukapo katika basi humshukuru dereva, ingawa nauli amekwisha kulipa. Marafiki husema "Thanks", au "Cheers", neno ambalo lilikuwa la wenye bilauri mkononi, na wengine husema "Ta". Hayo mawili ya mwisho simshauri karani ayaandike. Ayajue tu, asije akadhani ametukanwa. Mtu aliyejisumbua kidogo kwa ajili yako, akasimama njiani akakuelekeza, "Thank you very much" yamtosha. Ukimwambia "I am eternally grateful" atatazama nyuma aone ni nani anayesemwa.

Kuna tundu moja katika "Thank you" ambamo wengi tumetumbukia. Kwetu, mtu akikukaribisha chakula nawe ukasema "Asante", aghalabu umekataa kwa adabu. Umesema, Nimeshiba, wema wako nimeuona. Kwa Kiingereza, ukiulizwa "Will you have some tea?" nawe ukajibu "Thank you", umekubali. Anayekataa sharti atangulize "No". Mimi nilijifunza haya kwa tumbo langu. Nilikuwa kijana wa darasa la juu, nikaalikwa na mwenzangu mmoja nyumbani kwa mwalimu wetu Mwingereza saa kumi. Nilipokwisha kikombe cha kwanza mke wake akaniuliza kama nataka kingine. Nikasema "Thank you", maana yake basi. Akamimina. Nikanywa, kwa kuwa kukiacha kikombe nilifundishwa ni utovu wa adabu. Akauliza tena, nikasema "Thank you very much", nikidhani ya kwanza haikuwa na nguvu ya kutosha. Akamimina mpaka ukingoni. Vilifika vikombe 5 kabla ya kengele ya sala kuniokoa, na yule mama alimwambia mumewe kwamba hajaona kijana apendaye chai kama mimi. Mwenzangu alifahamu mambo tangu kikombe cha pili, akanyamaza. Mpaka leo nikikutana naye hunikaribisha chai.

Tundu la pili halichekeshi. Si kila "thank you" ni shukrani. Mwenye kiti akisema "Thank you, that will be all", amekwambia utoke. Tangazo likisema "Thank you for not smoking", limekukataza sigara, wala halikungoja uache ndipo likushukuru. Na mtu akikwambia "I'll thank you to mind your own business", amekukemea kwa ukali kabisa, nami nimewahi kumwona karani mmoja akiinama na kujibu "You are welcome, Sir". Kadhalika sisi wa masjala twajua, au yatupasa kujua, kwamba barua ikitoka juu imeandikwa "I should be obliged if you would furnish this office", hapo hakuna aliyefungwa kwa kamba ya shukrani ila wewe unayetakiwa kuleta hesabu hizo kabla ya Ijumaa. Ni amri iliyovikwa kanzu. Ajabu yake ni kwamba twaifahamu vyema tukiipokea, lakini tukiiandika sisi twasahau kwamba na sisi twaweza kuivika madai yetu kanzu iyo hiyo, bila kupiga magoti.

Makosa ya sarufi sitaki kuyakalia. Wako wanaoyajua kunizidi. Lakini mawili huyaona kila juma katika barua zipitazo mezani pangu. La kwanza ni "I would appreciate if you could". Panakosekana "it" baada ya "appreciate", maana kitenzi hicho hakisimami peke yake. La pili ni "Thank you for come" au "for to help". Baada ya "for" kitenzi huchukua mkia wa "ing". Na kumjibu anayekushukuru, "Not at all", "Don't mention it" na "You're welcome" zatosha zote. "Asante kushukuru" yetu ni tamu, lakini haivuki bahari; ukimwambia mtu "Thank you for thanking" atakaa akingoja sentensi iishe.

Sasa nirudi katika barua, maana ndiko kwenye hasara.

Miaka 6 iliyopita nilihamishwa kutoka kituo kimoja cha bara kwenda kingine, mwendo wa siku 2, mimi na mke wangu na watoto 2, kitanda, cherehani na makuku. Kanuni yasema kwamba ahamishwaye kwa amri hulipiwa mizigo. Fedha haikuwa tayari, nami sikuweza kungoja. Nilimwajiri mwenye lori kwa fedha niliyoikopa kwa shemeji yangu, ambaye ni fundi baiskeli wala hana mshahara wa mwezi. Nilipofika nikaketi kuandika barua yangu kwa Kiingereza. Aya ya kwanza nilishukuru kwa kuhamishwa, jambo ambalo, niseme kweli, sikulipenda hata kidogo. Aya ya pili nilishukuru kwa wema wote niliotendewa tangu nianze kazi. Aya ya tatu nikaeleza kwamba, huku nikishukuru kwa hayo yaliyotangulia, nathubutu kutumaini kuwa habari ya mizigo yangu itatazamwa kwa jicho la huruma kama ilivyo desturi, nami natanguliza shukrani zangu za dhati. Niliisoma mara 3. Niliona fahari.

Miezi 2 ikapita, kimya. Nikamwandikia rafiki yangu aliyekuwa masjala ya ofisi ile, anitafutie barua. Akaikuta katika jalada la salamu na pongezi, pamoja na kadi za sikukuu. Pembeni mkubwa alikuwa ameandika kwa wino: "Seen with pleasure. File." Simlaumu sana yule bwana, alipewa barua ya shukrani, akaisoma kama barua ya shukrani. Nikaandika ya pili, kwa unyenyekevu zaidi. Safari hii jibu lilikuja, likasema kwamba ombi langu la msaada litafikiriwa, kama mwisho wa mwaka patakuwa na fedha iliyobaki. Ombi! Msaada! Lakini ni mimi niliyeomba huruma, nao walinijibu katika lugha niliyoichagua mwenyewe. Kumbe shemeji yangu alikuwa amekwisha kuuza baiskeli yake moja, wala hakuniambia.

Aliyenifungua macho ni karani wa hesabu wa ofisi ile, mtu mzima ambaye hakupata kufika darasa nililofika mimi. Nilikwenda kumwona katika mwezi wa tano, nikamweleza kwa kirefu. Akasikiliza, akavua miwani, akaniuliza, "Bwana mdogo, waomba au wadai?" Nikasema nadai. Akasema, "Mimi nimezisoma barua zako zote mbili, wala sikuona dai. Nitie nini katika hati ya malipo? Huruma haina kifungu."

Nikaandika ya tatu papo hapo mezani kwake. Ilikuwa mistari 4: tarehe ya amri ya kuhamishwa na namba yake, kanuni inayohusika, kiasi cha fedha na stakabadhi ya mwenye lori, kisha "I should be grateful if payment could be arranged by the end of this month." Chini yake "Yours faithfully". Shukrani ni moja, nayo imefungwa kwa "if": nitashukuru ikiwa mtalipa, na kwa tarehe. Nililipwa katika siku 12.

Tangu hapo nimeichukia ile "Thanking you in anticipation", na ndugu yake "Thanking you in advance". Wala si mimi peke yangu. Mwalimu William Strunk wa chuo cha Cornell huko Marekani aliikataa katika kitabu chake kidogo kiitwacho The Elements of Style, ambacho E. B. White alikitengeneza upya mwaka 1959. Kwa maoni yake, ni kama mwandishi amesema kwamba haoni faida ya kujisumbua kuandika tena baadaye. Yaani shukrani imelipwa kabla, basi yamekwisha. Na huko Uingereza yenyewe Sir Ernest Gowers aliombwa na Hazina ya Serikali awafundishe watumishi kuandika vizuri, akatoa Plain Words mwaka 1948, kitabu chembamba ambacho kiliwataka maofisa waache mapambo na waandike kwa wepesi, kwa ufupi na kwa utu. Naona ajabu kwamba wenye lugha walikwisha kuyavua mapambo hayo, nasi twayashona viraka tuendelee kuyavaa.

Labda mwenzangu atasema, Mbona zamani barua za Serikali zilikwisha kwa "I have the honour to be, Sir, your obedient servant"? Ni kweli, lakini ile ilikuwa mhuri tu. Hata mkubwa aliweza kumwandikia mdogo wake hivyo, wala hakuna aliyedhani kwamba atakuja kumfulia nguo. Sisi ndio tuliosoma kila neno.

Nimesema kwamba nililipwa. Sijasema nilivyoshukuru, na hili ndilo ambalo sitaki mtu alipite haraka, asije akadhani nawafundisha watu ukavu. Siku niliyopokea fedha nilimwandikia yule karani wa hesabu, si mkubwa wake, mistari 2. Nilisema kwamba fedha imefika, na kwamba swali lake mezani ndilo lililoileta, na kwamba shemeji yangu amenunua baiskeli nyingine. Nilimaliza kwa "Thank you for your help", maneno ya mtoto wa darasa la kwanza. Nilipoonana naye tena mwaka wa pili, ile karatasi ilikuwa chini ya kioo cha meza yake. Akaniambia kwamba katika miaka 20 ya kazi alikuwa ameshukuriwa labda mara elfu na watu waliokuwa hawajalipwa, na na watu waliokwisha kulipwa, mara 3.

Nimelifikiri neno lake mara nyingi. Twashukuru mbele, nyuma twasahau. Twamshukuru mwenye kutia sahihi, aliyetafuta jalada katika vumbi hatumwoni. Katika ofisi yangu yupo mzee mmoja tarishi, aniletea majalada kila asubuhi, na kwa muda mrefu niliyapokea bila kuinua kichwa, ilhali dakika ile ile nilimwambia mkubwa wangu "Thank you, Sir" kwa kuniongezea kazi. Siku moja mgeni kutoka ng'ambo aliketi mezani kwangu kukagua hesabu. Mzee aliingia, akaweka jalada. Mgeni akasema "Thank you" bila hata kuacha kuandika, kama apumuavyo. Haikuwa kitu, ile senti tu niliyoitaja. Lakini mzee alisimama mlangoni akageuka, akanitazama mimi, si mgeni. Tangu siku hiyo humwambia "Asante, mzee", naye hunijibu "Haya, baba", na wala sijui kama amenisamehe.

Sasa juu ya barua ya chama. Nilipomwonyesha mzee wetu mmoja wa halmashauri hesabu yangu ya shukrani 7, alinijibu kwamba maneno matamu humtoa nyoka pangoni. Mimi namheshimu, na methali siipingi. Lakini gharama za mizigo si nyoka wala haziko pangoni. Ziko katika kanuni, ukurasa wake wajulikana. Akaniambia tena, Wazee wetu waliandika hivyo nao wakafaulu. Hapo nataka tuwatendee wazee wetu haki. Chama cha kwanza cha watumishi Waafrika wa Serikali ya Tanganyika kilianzishwa Tanga mwaka 1922, Martin Kayamba, aliyesoma Kiungani, akiwa mbele. Watu wale waliandika kwa mtawala wa kigeni ambaye hawakumchagua wala hawakuweza kumwondoa, na kama walizidisha unyenyekevu kalamuni, ulikuwa ngao yao. Utawala ule ulikwisha mwaka 1961. Sisi twamwandikia mhasibu.

Wala sitaki barua iwe kali. Ukali nao ni pambo, na huchosha kama sukari. Nataka shukrani zibaki 2. Ya kwanza ni ile ya mstari wa 3, kwa kuwa ofisi ile kweli ilitulipia matibabu ya mwenzetu mwaka jana upesi kuliko ilivyolazimika, na hilo halijapata kushukuriwa kwa jina wala tarehe. Liandikwe hivyo, kwa jina na tarehe. Ya pili ni "We should be grateful if", pamoja na siku ya mwisho. Nyingine 5 ziondoke, hasa ile ya "your usual sympathetic consideration", maana twajua sasa inakokwenda. Madai yapande kutoka mstari wa 22 mpaka wa 5. Majina ya wenzetu 9 yaingie ndani ya barua yenyewe, kila mtu na kituo chake na kiasi chake. Mmoja wao amestaafu akingoja. Mwingine mke wake alijifungua katika nyumba isiyo na kitanda, kwa kuwa kitanda kilibaki stesheni kikishikwa kwa nauli.

Katibu ameniambia kwamba barua haijatiwa sahihi; itatiwa Jumamosi baada ya kazi. Nakala yangu yenye alama za penseli iko masjala, meza iliyo karibu na dirisha. Mwanachama yeyote atakaye kuitazama, au kunionyesha nilipokosea, na aje kabla ya saa sita.

Ni mimi mwenzenu,
KARANI WA MASJALA